Tubaki na Mkono, Tuachane na Hadithi: Mhadhara Kuhusu Kukanda, Sindano na Maumivu ya Mgongo

Mheshimiwa Mwenyekiti, wauguzi, wanafunzi wa tiba ya viungo, na nyinyi wakandaji mlioitikia mwaliko wetu ijapokuwa mnajua fika kwamba nitawasema: nawashukuru kwa kuja.

Sitaeleza kukanda ni nini mbele ya watu ambao wengi wao walikandwa kwa mafuta ya nazi kabla hawajajua kukaa, wala sitabishana kama mkono husaidia au hausaidii. Husaidia. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, na humo ukandaji na tiba ya sindano, ile akupancha ya Wachina, vimewekwa pamoja na mazoezi na elimu miongoni mwa mambo yanayofaa kutolewa, ingawa kwa tahadhari kwa sababu ushahidi wake si mzito. Mikanda ya kiunoni, mashine za kuvuta mgongo na dawa za jamii ya afyuni zimewekwa upande wa pili. Kwa hiyo daktari anayemcheka mgonjwa aliyeanzia kwa mkandaji, na acheke akiwa amekwisha kusoma.

Ugomvi wangu, na wanaonifahamu wamekwisha kuuchoka, ni juu ya hadithi inayosimuliwa mkono ukiwa kazini. "Mshipa wako ulihama, nimeurudisha." "Pingili imechomoka." "Hapa pana damu chafu." Mikono ile ile inayompa mtu nafuu leo jioni humrudisha nyumbani na woga atakaoishi nao kwa miaka, kwa sababu aliyeambiwa kwamba mgongo wake huchomoka ataulinda kama yai, na mgongo unaolindwa hivyo hudhoofika.

Hadithi hii haikuzaliwa uswahilini, na ndiyo maana sipendi kumsikia msomi akiibeza kana kwamba ni ushamba wetu. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa huko Marekani, alikuwapo Daniel David Palmer, aliyekuwa akiponya watu kwa kile alichokiita nguvu ya sumaku. Katika jengo lenye ofisi yake alifanya kazi ya usafi Mwafrika-Mmarekani mmoja, Harvey Lillard, ambaye usikivu wake ulikuwa umefifia kwa miaka 17. Lillard alieleza kwamba siku masikio yalipopotea alikuwa ameinama, akahisi kitu kimeachia mgongoni. Palmer akaupapasa mgongo, akapata pingili aliyodhani imetoka mahali pake, akaisukuma kwa nguvu, na kwa maelezo yake mwenyewe masikio yakafunguka. Binti wa Lillard alisimulia vingine miaka mingi baadaye: kwamba baba yake alikuwa akimtolea mwenzake mzaha, Palmer akaufurahia na kumpiga kibao cha mgongoni, na siku chache baadaye baba akasema anasikia vizuri zaidi. Chagueni mnayemwamini. Ninachojua mimi ni kwamba neva ya kusikia hutoka kwenye shina la ubongo na kuingia sikioni bila kutoka nje ya fuvu. Haishuki mgongoni hata kusalimia. Hata hivyo, juu ya kisa hicho ilijengwa taaluma nzima ya kairopraktiki, yaani kutibu kwa kusukuma pingili za mgongo, na juu ya taaluma hiyo likasimama fundisho kwamba pingili zilizohama ndizo chanzo cha maradhi. Sisemi kwamba kila anayeifanya kazi hiyo leo anaamini hayo, kwa kuwa wengi wamekwisha kuyaacha. Nasema kwamba mkono uligusa, mtu akaona tofauti, na hadithi ikakimbia mbele kuliko kilichotokea.

Sasa nije kwetu. Nilimpokea fundi cherehani mmoja, baba wa watoto wanne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa hainami. Akidondosha bobini, anamwita mtoto aiokote. Hakuwa amembeba mwanawe wa mwisho hata mara moja. Nilipomuuliza nani alimkataza, akanijibu, "Mzee aliyenikanda aliniambia pingili imechomoka, akairudisha, akanionya kwamba ikitoka tena nitapooza." Nilimchunguza kwa utulivu: nguvu za miguu zilikuwa kamili, hisia kamili, haja ndogo na kubwa bila tatizo. Nilimkanda, ndiyo, kwa sababu mgongo ulikuwa umekakamaa kwa kulindwa. Kisha nikamwambia ainame aiguse sakafu. Aliniangalia kama mtu aliyeagizwa kuruka ghorofani. Kazi kubwa ya wiki zilizofuata haikuwa misuli, ilikuwa kuifuta sentensi moja ya yule mzee.

Najua kuna daktari hapa anayesema moyoni kwamba hayo ni ya wakandaji, sisi tuna picha. Picha nazo husimulia, ndugu yangu. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti zilizopiga picha migongo ya watu wasio na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili, iliyotuna, na miongoni mwa wenye miaka 80 walikuwa asilimia 84. Hao walikuwa hawaumwi. Ukimwonyesha mgonjwa diski yake iliyotuna bila kumwambia hilo, umefanya lile lile la mzee wetu, tena kwa bei ghali zaidi.

Na nyinyi mama zangu wakandaji mna hoja yenu: "Lakini kiungo kililia! Nilisikia kwa sikio langu kikisema kwa!" Kililia kweli. Katika viungo vile mna ute, na kiungo kikipanuliwa ghafla hutokea kiputo cha gesi ndani ya ute huo, na hapo ndipo mlio unapotokea. Kunja vidole vyako uvialishe. Utasikia mlio ule ule, wala hutadai kwamba kidole kilikuwa kimehama.

Basi nafuu inatoka wapi? Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo habari za mguso na za maumivu hukutana kabla ya kupanda kwenye ubongo, na kwamba za mguso zinaweza kuzipunguza za maumivu. Nadharia hiyo imerekebishwa sana tangu wakati huo, lakini msingi wake haujaondoka. Ndiyo maana anayejigonga ugoko husugua kabla hajafikiri. Mkono wenye joto, mtu wa kukusikiliza, nusu saa ya kulala bila kuitwaitwa: hayo yote huutuliza mfumo wa neva. Nafuu hiyo ni ya kweli, na aghalabu ni ya muda mfupi. Anayeijua hivyo huitumia kumwinua mgonjwa atembee. Anayedhani amerudisha pingili humwambia mgonjwa alale, kisha arudi wiki ijayo alipe tena.

Hapo huinuka mtu akasema Wachina wamechoma sindano kwa karne nyingi, na njia zao za nishati mwilini zinajulikana pointi kwa pointi. Sibishani na umri wa kitu. Ujerumani waliwagawa wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno katika makundi matatu, na matokeo yakatoka mwaka 2007. Kundi la kwanza lilichomwa kwenye pointi za Kichina, la pili likachomwa juu juu mahali pasipo pointi, la tatu likapata dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi sita waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, 44.2 katika la pili na 27.4 katika la tatu. Wapenzi wa sindano hushangilia tarakimu ya kwanza dhidi ya ya tatu, wapinzani huishika ya kwanza dhidi ya ya pili, na kila upande huondoka umeridhika. Mimi nawaomba muzisome zote tatu kwa pamoja: kuchomwa kulisaidia, mahali pa kuchomwa palikuwa na uzito mdogo sana, na kundi la tatu lilijua kwamba halikupewa sindano, jambo ambalo nalo lina athari yake. Mkono na sindano vimebaki. Ramani ndiyo iliyotetereka.

Mwenyekiti ananionyesha karatasi, nami nilitaka kuzungumzia kuumika, yaani kuchanja na kunyonya damu kwa pembe, na uchovu wa wakandaji wenyewe. Niyaache. Yafuatayo siwezi kuyaacha.

Usimkande mtu kabla ya kumuuliza. Maumivu ya mgongo yanayokuja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kwetu ugonjwa huo si wa vitabuni. Kila wiki ya kukandwa ni wiki ya pingili kuliwa. Aliyekufa ganzi katikati ya mapaja, au mkojo unamponyoka, au miguu inalegea, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na kuuma kwenye shavu la mguu, usiguswe, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda, na ikiachia itakwenda mapafuni. Shingo isizungushwe kwa nguvu. Sindano na wembe wa kuumika ni vya mtu mmoja, mara moja, kisha vinatupwa. Virusi vya homa ya ini havijali kwamba mmejuana tangu utotoni.

La mwisho ni mzazi, mama aliyetoka kujifungua, anayekandwa kwa maji ya moto. Joto linampendeza na mikono ya mama inamtuliza, sipingi. Lakini maji yanayoibabua ngozi hayasafishi tumbo, yanaunguza tu, na mwenye mshono wa upasuaji asikandwe tumboni kabisa. Mzazi anayeendelea kutokwa na damu nyingi hahitaji kitambaa cha moto, anahitaji gari.

Karatasi ya pili nimeiona, Mwenyekiti. Wakandaji waanze kuuliza maswali, madaktari wasubiri zamu yao.