Ua la Mbuyu na Mgeni Wake wa Usiku

Ndugu zangu, ukipita asubuhi chini ya mibuyu ya Mikindani, kule Mtwara, msimu wa maua, utayakuta maua yametapakaa chini, yamegeuka kahawia. Wengi hudhani yameunguzwa na jua. Hapana, kazi yake ilikwisha usiku.

Tulitazame kwa karibu. Tumba ni duara, la kijani, linaning'inia kwenye kikonyo kirefu. Magharibi ikiingia, ganda lake hupasuka na kujikunja nyuma, petali tano nyeupe zikafunguka, na katikati kikashuka kishada cha stameni, yaani nyuzi za kiume zenye chavua (unga wa uzazi wa ua), mia kadhaa, pengine zaidi ya elfu, mfano wa brashi ya kunyolea. Stigma, ncha ya kike inayopokea chavua, hutokeza nje yake. Harufu ni nzito, haipendezi, lakini haikuwekwa kwa ajili yetu. Anayeitwa ni popo. Weupe ule anauona gizani, na kikonyo kirefu kinampa nafasi ya kuruka bila kujigonga kwenye matawi. Mbochi, maji matamu ya ua, umefichwa kwenye kitako cha ua, kwa hiyo hawezi kuulamba mpaka ajibane kwenye stameni, na akiondoka kifua kimejaa chavua.

Hapa ndipo penye jambo. Chavua ya mti uleule kwa kawaida haizai tunda. Mbuyu uliobaki peke yake unaweza kuchanua sana usizae kitu, na wapo wanaouita dume wakaukata. Kila ua la mbuyu lina sehemu ya kiume na ya kike. Kabla ya kushika shoka, angalieni kwanza kama una jirani, na kama popo bado wanafika.

Kupima si kazi ngumu. Kabla jua halijazama chagua matumba yaliyonenepa kwenye matawi ya chini, ishirini. Yafunike kwa kipande cha chandarua kilichotandazwa juu ya kiduara cha waya. Chandarua kikigusa ua, petali hazitakunjuka vizuri na nondo watafikia stigma kupitia matundu. Usiku huohuo, kumi yapake chavua ya mbuyu mwingine kwa brashi laini, kisha yafunike tena. Kumi yaache. Mengine kumi yasiyofunikwa yafunge uzi tu. Msitumie ua mojamoja, maana hata yaliyochavushwa mengi huanguka. Baada ya wiki mbili hivi, hesabu yaliyobaki. Yakishika yale ya brashi tu, mti ni mzima, mchavushaji ndiye hayupo.

Si kila ua humngoja popo. Muia, mti wa mikokoni ambao wengine huuita msinzi, wenyewe humngoja chozi, yule ndege mdogo mfyonza mbochi. Nendeni Ghuba ya Mnazi, hukohuko Mtwara, asubuhi. Ua lake jekundu linatazama chini, na kila petali imefumbata stameni mbili kwa mkazo, kama mtego. Gusa kitako cha petali iliyokomaa kwa unyasi mwembamba: inafyatuka na chavua inarukia unyasi. Isipofyatuka, tazama kama imeshafunguka. Ikifyatuka mara moja haijifungi tena, na hapo chozi amekwisha pita.