Siku Silaha Yake Ilipogoma

Wazee wangu, makocha wenzangu, nanyi vijana mliotoka mazoezini mkaja hapa moja kwa moja, asanteni.

Nimeombwa kuzungumzia sifa za bingwa mkubwa wa ngumi katika zama zote. Kijiweni swali hili huulizwa hivi: nani zaidi, Joe Louis, Muhammad Ali au Mike Tyson? Hapo watu huanza kuhesabu mikanda na KO, yaani kumwangusha mpinzani asiweze kuendelea. Hesabu hizo mimi siziamini sana. Jack Johnson alipopigana na Jim Jeffries kule Reno mwaka 1910, pambano lilipangwa raundi 45. Enzi za Ali zilikuwa 15, leo ni 12. Rocky Marciano alistaafu ameshinda mapambano yote 49, na namheshimu kwa moyo wangu wote. Lakini mimi bondia namtazamia kwingine: siku silaha yake kubwa ilipogoma, alifanya nini?

Juni 1936 Louis alipigwa KO raundi ya 12 na Max Schmeling wa Ujerumani. Schmeling alikuwa amegundua kwamba Louis akishatupa ngumi ya kushoto, mkono unarudi chini. Vijana, hebu simameni mtupe ya kushoto. Irudisheni. Mmeona? Wengi wenu mkono umeishia kifuani, na kidevu kiko wazi. Mlango huohuo ndio Schmeling alioupitia. Juni 22, 1938 wakarudiana, Louis akiwa sasa bingwa wa dunia, na Schmeling alidumu sekunde 124 tu. Kwa jumla Louis alitetea ubingwa wake mara 25, na katika uzito wa juu hakuna aliyefika hapo.

Sasa twende Kinshasa, Oktoba 30, 1974, saa kumi alfajiri. George Foreman, bingwa wa dunia, ana miaka 25, ameshinda mapambano 40, 37 kwa KO. Alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, na Ken Norton naye akaishia raundi ya pili. Hao wawili ndio pekee waliokuwa wamemfunga Ali! Ali ana miaka 32, na ile miguu iliyokuwa ikicheza ulingo mzima haikurudi kama zamani baada ya kufungiwa miaka mitatu na nusu kwa kukataa kwenda vitani Vietnam. Wapo waliohofia kwamba atauawa. Raundi ya kwanza akatupa ngumi za kulia bila kutanguliza kushoto, kitu ambacho ningemgombeza yeyote kati yenu. Raundi ya pili akaegemea kamba, glavu usoni, viwiko mbavuni, akamwacha Foreman apige. Uwanja unaimba kwa Kilingala, "Ali boma ye", yaani Ali muue. Foreman alipiga mpaka mikono ikawa mizito. Raundi ya nane Ali akachomoka kambani, kushoto, kulia, Foreman akaanza kwenda chini huku anazunguka. Itazameni picha hiyo polepole. Mkono wa kulia wa Ali umeshavutwa, unamfuata mtu anayeanguka, na hautoki. Akamwacha adondoke.

Wengi huishia hapo. Mimi naomba tumfuate aliyedondoka.

Foreman aliacha ngumi mwaka 1977, akawa mhubiri, akarudi mwaka 1987 akiwa mnene, kichwa amenyoa, watu wanamcheka. Yule kijana wa Kinshasa alimaliza pumzi zake mapema kwa pupa ya kutaka kuua. Huyu mzee alikuwa anajua kusubiri. Novemba 5, 1994, Las Vegas, ana miaka 45, mbele yake bingwa wa dunia, Michael Moorer wa miaka 26. Majaji wote watatu walikuwa wamempa Moorer uongozi. Foreman amevaa bukta ileile ya Kinshasa. Raundi ya kumi ikatoka ngumi ya kulia, fupi, imenyooka, ikatua kidevuni. Moorer chali.

Refa alipomaliza kuhesabu, Foreman hakurukaruka. Alikwenda kwenye kona, akapiga magoti, akaomba.