Mkopo wa jiji katika wiki za mwisho wa mwaka wa fedha

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia wiki za mwisho za mwaka wa fedha katika halmashauri ya jiji, wakati madiwani wanapofunga hesabu za mwaka unaokwisha, wanapopitisha bajeti ya mwaka unaokuja na, mara nyingi, wanapoidhinisha mkopo wa barabara, mifereji au mabomba ya maji, yote hayo ndani ya vikao vichache. Kaka Baraka, kwa nini unapinga mkopo kuingizwa katika pilikapilika hizo?

BARAKA: Asante, dada Zuhura. Bajeti ya matumizi ya kawaida huishi miezi 12 tu, kwa kuwa mishahara, mafuta ya magari ya taka na umeme wa ofisi hulipwa kwa mapato ya mwaka huohuo. Mkopo huishi miaka 10, 20 na hata 30, na sehemu kubwa yake italipwa na watu ambao leo wangali shule ya msingi. Diwani anayenyoosha mkono kuupitisha akiwa amechoka, kabrasha lenyewe akiwa amekabidhiwa asubuhi ileile, anawafunga watu ambao hawamo ukumbini.

ZUHURA: Wapo wanaosema kwamba, kama ni hivyo, jiji lisikope kabisa, lijenge kwa fedha taslimu pekee.

BARAKA: Sikubaliani nao hata kidogo. Uvundo wa Mto Thames ulipoielemea London katika kiangazi cha 1858, Bunge liliiruhusu bodi ya ujenzi ya jiji hilo kukopa pauni milioni 3 kwa ajili ya mfumo wa majitaka uliosimamiwa na mhandisi Joseph Bazalgette, na likaidhinisha tozo maalumu ya majengo kwa miaka 40 ili kulipia deni hilo. Kazi iligharimu zaidi ya makadirio, lakini kungoja mpaka fedha zote zipatikane kungewaacha wakazi wakiendelea kufa kwa kipindupindu. Miaka 40 hiyo imepita kitambo, na mahandaki yale ya matofali yangali yanapitisha majitaka. Deni la namna hiyo ni la haki, kwa sababu kila kizazi kilicholilipia kiliitumia huduma yenyewe, na kitu kilichojengwa kimeishi kuliko deni lake.

ZUHURA: Mkopo hugeuka kuwa hatari wakati gani?

BARAKA: Unapolipia kitu ambacho kimekwisha kuliwa. Kabla ya 1975, jiji la New York lilikuwa limezoea kuingiza gharama za uendeshaji katika bajeti ya maendeleo, na kukopa kwa muda mfupi ili kulipa madeni ya muda mfupi yaliyotangulia. Mwaka huo mabenki yalikataa kuendelea. Ikabidi serikali ya jimbo iunde shirika maalumu la kulikopea jiji pamoja na bodi ya kudhibiti matumizi yake. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, nauli ya treni ya chini ya ardhi ikapanda kutoka senti 35 hadi 50, na mwaka uliofuata chuo kikuu cha jiji, ambacho kwa miaka mingi hakikuwa kikitoza ada, kikaanza kuitoza. Angalia walioumia: ni abiria na wanafunzi, ambao hawakuwa wamekopa chochote.

ZUHURA: Msikilizaji anaweza kudhani kwamba mkopo ni riba tu juu ya kiasi kilichochukuliwa. Tumwonyeshe hesabu.

BARAKA: Chukua mkopo wa milioni 100, kwa sarafu yoyote ile, kwa riba ya asilimia 8, unaolipwa kwa marejesho sawa kila mwaka. Ukiulipa kwa miaka 10, rejesho ni takriban milioni 14.9 kwa mwaka, na jumla yake ni kama milioni 149. Ukiurefusha hadi miaka 20, rejesho linashuka hadi milioni 10.2, lakini jumla inapanda hadi karibu milioni 204. Katika mwaka wa kwanza wa mkopo huo mrefu, milioni 8 zote ni riba, na deni la msingi linapungua kwa milioni 2.2 tu. Basi mweka hazina anaposema rejesho ni jepesi, diwani amwulize limekuwa jepesi kwa kuongeza miaka mingapi, na kama hiyo lami itakuwa ingalipo katika mwaka wa 15.

ZUHURA: Na hesabu za kufunga mwaka zinaingiaje hapo?

BARAKA: Zinaingia moja kwa moja, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kama jiji lina uwezo wa kulipa. Hati za malipo ya wakandarasi zikizuiwa mezani hadi mwaka mpya uanze, bakaa, yaani fedha zinazobaki mwisho wa mwaka, itaonekana nono, na mkopo utapitishwa kwa kutegemea fedha ambazo kwa kweli ni za watu wengine. Kosa lingine ni kuuza kiwanja cha jiji mwaka huu na kuyahesabu mapato hayo kana kwamba yatarudi kila mwaka. Miradi viporo nayo ianikwe hadharani kabla ya kuombwa fedha za miradi mipya.

ZUHURA: Mimi ningeongeza matengenezo. Jiji linaweza kukopa kwa ajili ya pampu mpya, kisha likakosa fungu la vipuri.

BARAKA: Ndiyo maana ningependa kila ombi la mkopo liwe na ukurasa mmoja wenye mambo mawili: marejesho ya madeni yote ya jiji, mwaka kwa mwaka hadi la mwisho likome, na gharama ya kuutunza mradi huo katika miaka hiyohiyo. Ukurasa huo uwafikie madiwani na ubandikwe kwenye mbao za matangazo mapema, wakati bajeti ingali rasimu, ili mwananchi anayetaka kuuliza aulize kabla ya kura kupigwa.