Wamama wa Sokoni Walivyomfuata Mfalme Mpaka Kwake

Haya tuanze, na nyie mliosimama mlangoni sogeeni huku mbele, viti vipo, simuulizi mtu swali leo.

Tangazo limeandika mapinduzi ya Ufaransa na najua wengi mmekuja mkisubiri Bastille, tarehe 14 Julai 1789, watu wanavunja gereza, bendera juu, makofi. Ile tuipite haraka. Mle ndani walikutwa wafungwa 7, saba jamani, na watu walikuwa wanatafuta baruti, hao wafungwa wala hawakuwafikiria sana. Na mfalme mwenyewe, Louis wa 16, siku hiyo kwenye daftari lake kaandika neno moja, "hakuna". Watu wanamcheka kwa hilo lakini lile lilikuwa daftari la mawindo, alimaanisha hajaua mnyama. Kesho yake yuko palepale Versailles, nje ya Paris, jumba lilelile, wapambe walewale.

Kwa hiyo mimi nasema ufalme ule ulivunjika Oktoba, na waliouvunja wengi wao walikuwa wamama wa sokoni, wauza samaki, wafua nguo, watu wa mikono iliyolowa.

Sasa hapa lazima tuongelee mkate, na mkate wa Paris wa wakati ule usiufikirie kama huu wetu wa kunywea chai, ule ndio ulikuwa chakula chenyewe, ndio ugali wao, usipokuwepo hakuna mlo. Julai 1788 ilipiga mvua ya mawe ikaharibu mashamba, ikafuata baridi kali ya ajabu, na mkate wa ratili 4 ambao kawaida ulikuwa kama sous 8 au 9, sous ni sarafu yao ndogo, ukapanda mpaka 14 na nusu ilipofika Julai 1789. Kibarua anaingiza sous 20 mpaka 30 kwa siku, zile siku ambazo kazi ipo, haya toa mkate hapo halafu lipa kodi ya chumba, nunua kuni, mtoto anaumwa, piga hesabu mwenyewe. Huku serikali nayo imefilisika, karibu nusu ya mapato yake inaishia kwenye madeni, mengine ya kuwasaidia Wamarekani kupigana na Mwingereza, na wenye vyeo na makasisi wana misamaha yao ya kodi basi mzigo unamrudia yuleyule mkulima.

Na tafadhali, ile ya malkia Marie Antoinette kusema kama hawana mkate wale keki, tuiache leo. Mwandishi mmoja, Rousseau, aliiandika hiyo stori ya binti mmoja mkubwa wa kifalme bila kumtaja jina, na alipoiandika Marie Antoinette alikuwa bado mtoto huko kwao Austria. Makosa alikuwa nayo ya kutosha, hatuna haja ya kumuongezea.

Agosti bunge limepitisha maamuzi makubwa, limefuta haki za kimwinyi, tarehe 26 limetoa Tangazo la Haki za Binadamu, na mfalme anatakiwa kuridhia. Haridhii. Hakatai pia, anazungusha tu, leo barua, kesho maelezo, mnaijua hiyo ya njoo kesho. Halafu tarehe 1 Oktoba maofisa wa jeshi wanafanyiwa karamu Versailles, mvinyo kama maji, na Paris inafika habari kwamba wamekanyaga yale maua ya kitambaa ya rangi tatu ambayo watu walikuwa wanavaa kuonyesha wako upande wa mapinduzi. Kama walikanyaga kweli ama hawakukanyaga hiyo ni kesi nyingine, mtu ambaye ameamka saa kumi usiku kupanga foleni ya mkate akaukosa, ukimwambia wenzako huko wanakula na wanakutukana, hatakuuliza ushahidi.

Jumatatu tarehe 5 asubuhi ngoma inapigwa, kengele zinalia, wamama wanaingia jengo la manispaa wanabeba silaha, wanapata na mizinga, na jamaa mmoja anaitwa Maillard, aliyekuwepo Bastille, anashika ngoma anatangulia. Inasemwa walikuwa 6,000 au 7,000. Kilomita kama 20 kwa miguu mpaka Versailles, kwenye mvua, masaa karibu sita. Walipofika waliingia bungeni, bunge nalo lilikuwa hukohuko, walivyo, nguo zinachuruzika maji, wakakaa kwenye viti vya waheshimiwa, mheshimiwa akisimama kuhutubia wanampigia kelele habari ya mkate.

Mfalme alikuwa porini anawinda tena, ikabidi akaitwe. Wakachaguliwa wachache waende kumuona, msemaji wao binti wa miaka 17, Louison Chabry, alipofika mbele ya mfalme inasemekana neno lililomtoka ni "mkate" akazimia. Mfalme akawa mpole kwa kweli, akaahidi unga, na binti alipotoka nje wenzake nusura wamuue wakisema kahongwa. Lakini usiku huohuo mfalme akaridhia lile Tangazo la Haki, kitu ambacho mawakili wa bungeni walikuwa wamekibembeleza kwa wiki kadhaa.

Karibu usiku wa manane anafika Lafayette, kamanda wa walinzi wa taifa wa Paris, na hao walinzi wake, maelfu, na msidhani yeye ndiye aliyewaleta, wao ndio waliomlazimisha aje. Akaweka ulinzi akaenda kulala. Alfajiri watu wakapata upenyo wakaingia jumbani, walinzi wawili wa mfalme wakauawa, vichwa vikawekwa kwenye mikuki, hilo silifichi, malkia akakimbia kwa mlango wa ndani kwenda upande wa mumewe. Baadaye wakatolewa barazani juu, Lafayette akambusu malkia mkono mbele ya umati, na chini watu wanaitikia kitu kimoja tu, Paris, Paris.

Mchana wakaondoka wote, gari la mfalme katikati, mikokoteni ya unga, wamama wanaimba kwamba wanamleta mwoka mikate, mke wa mwoka mikate na mtoto wao. Familia ikawekwa jumba la Tuileries, bunge nalo likahamia Paris karibu wiki mbili baadaye. Hakurudi tena kuishi Versailles, ambako wafalme walikaa tangu 1682. Umbali ule wa kilomita 20 ndio uliokuwa unamwezesha kusema njoo kesho, sasa kelele za mtaani anazisikia kutoka dirishani kwake.

Naona mkono, dada wa pale na kitambaa cha kijani. Ehe. Anauliza mkate ulipatikana?

Swali zuri sana hilo. Tarehe 21 Oktoba, wiki mbili tu mfalme akiwa mjini, umati wa Paris ulimkamata mwoka mikate wa kweli, anaitwa François, wakamtuhumu kaficha mikate, wakamnyonga. Na siku ileile bunge likapitisha sheria ya kuruhusu jeshi kutumia nguvu dhidi ya watu wanaokusanyika.