Mvi Zikiingia: Rangi Ibadilike Wapi, na Wapi Iachwe

Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini, saa 4 asubuhi, mbele ya wazee na watu wa makamo

Shikamooni wazee wetu. Mama zetu, baba zetu, na nyinyi vijana mliowasindikiza, asanteni kwa kufika.

Tuanze na ushauri mmoja unaozunguka sana, maana ndio unaowafanya watu wagawe nguo nzuri bila sababu. Unasema: nywele zikiwa nyeupe, achana na nguo za rangi kali, hamia kwenye zilizopoa, yaani kijivu, kaki na waridi iliyofifia. Ushauri huo una ukweli wake, ila ulitungwa kwa ajili ya watu weupe. Mzungu mwenye nywele nyeusi ana uso mweupe uliozungukwa na giza. Nywele zikigeuka, uso na nywele vinakaribiana, sura yote inapoa, na nguo kali inaanza kumzidi nguvu.

Kwa mtu mweusi mambo yanakwenda kinyume kabisa. Ujanani nywele na uso vilikuwa giza juu ya giza. Mvi zinapoingia ndipo tofauti inapozaliwa. Kitazameni kinyago cha mpingo ambacho mchongaji amebakiza kipande cha ule mti mweupe wa nje, unaozunguka kiini. Weupe ule haukipunguzii kiini nguvu. Ndio unaolifanya jicho lione kiini kilivyo cheusi. Uso mweusi wenye mvi uko hivyo hivyo. Unaweza kubeba bluu iliyokolea, zambarau, nyekundu ya damu na kijani kibichi kuliko ulivyoweza wakati mtu huyo ana miaka 30. Kwa hiyo mwenye ngozi nyeusi asikimbilie kupoza. Wa maji ya kunde yuko katikati: rangi ziwe zimekolea lakini zisiwake. Damu ya mzee, kijani cha chupa na bluu ya bahari ya kina zinamkaa vizuri. Na aliye mweupe kweli, huyo ndiye ushauri ule wa kupoza unamfaa.

Kinachomwangusha mtu mwenye mvi mara nyingi ni rangi inayofanana naye. Kijivu cha katikati kinafanana na mvi, kwa hiyo nywele na nguo vinakuwa kitu kimoja na uso unaonekana umechoka. Kaki na kahawia ya udongo zinafanana na ngozi za wengi wetu, uso unamezwa. Ukipenda kijivu, kiwe cha makaa, kizito. Ukipenda kahawia, tia kitu cha krimu au cheupe katikati yake na shingo.

Sasa, wapi pabadilike? Weka kidole gumba chini ya kidevu, tanua mkono hadi kidole cha mwisho kifike kifuani. Shubiri hiyo moja ndiyo inayourushia uso rangi. Sketi, suruali, msuli, kanga ya kiunoni, vyote hivyo uso hauna habari navyo. Mtu ana kitenge cha kaki anachokipenda? Akishone sketi. Anayetaka kuanza kubadilisha kwa fedha kidogo anunue mtandio mmoja tu, au kofia, au abadilishe kola.

Kwenye kanga jambo hili lina siri yake, na wauzaji hawaisemi. Dukani kanga inafunguliwa ili uone mji, yaani sehemu ya katikati, na usome jina, yale maandishi yake. Lakini ukijitanda kichwani, mji unakwenda mgongoni na mabegani. Kinachozunguka paji la uso na mashavu ni pindo. Doti yenye mji wa manjano na pindo jeusi, usoni ni kanga nyeusi. Kwa hiyo kunja ile doti, lete pindo la upande mrefu chini ya kidevu, ndipo uamue. Pindo likikukataa na mji ukakupenda, doti hiyo ni ya kujifunga kiunoni.

Namna ya kupima. Osha uso, futa mafuta yanayong'aa, ondoa wanja na rangi ya mdomo. Kaa mlangoni ukitazama nje, kivulini, kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Usipimie chini ya mwembe, kwani majani yanarusha kijani usoni. Usipimie chini ya turubai la bluu pia, na hapa ndipo wengi wanapokosea msimu wa korosho, fedha ikiwa mkononi na nguo zimetandazwa gulioni. Chini ya turubai la bluu kila kitambaa kinaonekana kina ubluu, na uso wako pia. Toka nacho nje hatua tatu kabla hujalipa.

Funika nguo uliyovaa kwa kitambaa cheupe. Mwenzako alete kitambaa kimoja kimoja chini ya kidevu, kila kimoja kikae kwa hesabu ya kumi, na yeye atazame uso wako, asitazame kitambaa. Aangalie mambo matatu: kivuli chini ya macho kimezidi au kimepungua, mistari ya pembeni mwa mdomo imekuwa mizito au myepesi, ngozi imepauka kama yenye majivu au imetulia. Jibu linakuja lenyewe kwenye kitambaa cha tatu au cha nne, maana jicho linahitaji kitu cha kulinganisha.

Simu inadanganya hapa. Kamera inajirekebishia rangi kila unapobadilisha kitambaa, kwa hiyo picha mbili tofauti hazilinganishiki. Ukitaka picha, weka vitambaa viwili kwa pamoja, kimoja bega la kulia, kingine la kushoto, piga mara moja. Na zima kile kipengele cha kulainisha ngozi.

Tuje kwenye nyeupe, maana kanzu na mitandio myeupe ni mavazi yetu ya kila wiki. Mvi hazina rangi moja. Kuna za fedha, kuna nyeupe pe, na kuna zilizoingia umanjano kwa sababu ya jua, moshi wa kuni na sigara, mafuta yenye rangi, au maji ya kisima yenye chuma. Mvi zenye umanjano zikikaa juu ya kanzu nyeupe pe, jicho linalinganisha, na nywele zinaonekana chafu hata kama zimeoshwa leo. Bluu nayo inafanya vivyo hivyo: inauchokoza umanjano. Huyu avae krimu, kahawia nzito au manjano ya bizari, na umanjano wa nywele utaonekana kama ndio rangi yake. Au autibu kwanza: aache mafuta ya njano atumie mafuta safi ya nazi kidogo, asuuzie maji ya mvua, na shampuu ya zambarau dakika 3 hadi 5 mara moja kwa wiki. Ikizidi hapo, mvi zinabaki na uzambarau.

Kinyume chake pia kipo. Mwenye mvi nyeupe pe akivaa kanzu iliyoingia umanjano ukosini, ni kanzu inayoaibika. Msiikimbilie dawa ya klorini. Maji yenye chuma yakikutana na klorini yanaacha madoa ya kutu, na vitambaa vingi vya nyuzi za kutengenezwa vinazidi kuwa vya njano.

Jambo ambalo vijana hawalijui: nguo inayochuja rangi inapaka mvi. Nywele nyeusi ilificha, nyeupe haifichi. Kwa jasho la mwambao huu, mtandio mwekundu au wa nili unaacha mstari wa waridi au wa bluu juu ya paji. Kabla ya kuvaa kitambaa kipya kichwani, lowesha kitambaa cheupe, kamua, sugua pembe ya mtandio mara kumi. Kikitoka rangi, fua mtandio peke yake na upime tena, hadi kitoke safi. Chumvi kwenye maji haiifungi rangi iliyokwisha tiwa kiwandani, msipoteze chumvi.

Hina inataka maneno machache. Juu ya nywele nyeusi inatoa wekundu wa mbali. Juu ya mvi inatoka rangi ya chungwa, kwa sababu chini yake hakuna weusi wa kuituliza. Wenye ndevu za hina wavae krimu, kijani kizito, bluu ya giza. Waridi na damu ya mzee vinagombana nayo. Ile iitwayo hina nyeusi mara nyingi imetiwa kemikali ya rangi ya nywele na inaunguza ngozi za wengine. Jaribu nyuma ya sikio, subiri saa 48. Na anayeacha kupaka rangi ajue nywele zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kwa miezi kadhaa kichwa kitakuwa na rangi mbili. Kipindi hicho kilemba au kitenge chenye nyeusi na nyeupe pamoja kinazipatanisha.

Akina mama wa buibui, nywele zenu hazionekani, kwa hiyo mvi si hoja. Tazameni nyusi na ngozi. Buibui jeusi la kweli halina shida. Lililopauka hadi kuwa la kahawia ndilo linalozeesha. Ushungi wa ndani wenye rangi, ukitokeza vidole viwili pembeni mwa uso, unatosha.

Baba zetu, shati la kitenge cha kaki halihitaji kutupwa. Robo mita ya kitambaa cha rangi moja chenye upana wa mita 1.5 inatosha kola na kiti chake, kile kipande kinachoisimamisha shingoni. Mwambie fundi afumue kola ya zamani kwa uangalifu, aitumie kama kipimo, na akifue kitambaa kipya kabla ya kukata. Kisipofuliwa kitasinyaa baada ya kushonwa na kola itajikunja ncha.

Vitambaa kumi viko hapa mezani, na mlango wa magharibi uko kivulini kwa saa moja zaidi. Bibi uliye karibu na mlango, tunaomba tuanze na wewe. Mjukuu wako ashike vitambaa, sisi wengine tutazame uso.