Bakteria wa Dandora wanakula nini hasa?

Haya asanteni, naanza na Dandora maana wengi hapa mnaijua, au basi harufu yake mnaijua. Dampo hili la Nairobi lilifunguliwa miaka ya 1970, mwaka 2001 likatangazwa limejaa, na mpaka leo malori yanaingia tu. Ukichimba chini kidogo pale oksijeni hamna, imeshamalizwa na bakteria wa juu wanaokula maganda na ugali uliolala, huko chini wanaishi wale wasioitaka hewa kabisa.

Na hao wanakula kwa kupokezana. Wa kwanza wanakatakata karatasi na chakula kuwa sukari, wengine wanaigeuza asidi, ndo maana maji meusi yanayochuruzika kwenye dampo changa ni makali hivyo, wengine wanatoa haidrojeni, halafu mwisho wanakuja arkea (vijidudu vinavyofanana na bakteria ila si bakteria, tusigombane leo) wanatoa methani. Karibu nusu ya gesi ya dampo ni hiyo methani.

Sasa kemikali. Kuna kitu kinaitwa trikloroethilini, kilitumika sana kuoshea grisi kwenye vyuma, na yuko bakteria anaitwa Dehalococcoides ambaye anakipumua kile, yaani kama sisi na oksijeni. Anang'oa klorini moja moja. Shida ni pale katikati, kwa sababu kabla ya kufika etheni, ambayo haina neno, unapita kwenye vinili kloridi na hiyo inaleta kansa, ni mbaya kuliko ulichoanza nacho! Bakteria wengine wanaishia njiani wanakuachia hiyo. Na Dehalococcoides hafanyi kazi bila haidrojeni ya wale wenzake niliowataja mwanzo. Kwa hiyo mtu akiniambia aah, bakteria watasafisha wenyewe, mi namuuliza bakteria gani, na wamefikia wapi?

Risasi, ile metali, ndo usahau. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walipima watoto wa karibu na Dandora, ripoti ya 2007, nusu yao walikuwa na risasi nyingi kwenye damu. Ile ni elementi, hakuna wa kuivunja. Bakteria wanaotumia salfeti wanaweza kuifunga isitembee, lakini ukifukua ukaingiza hewa inafunguka tena.

Plastiki? Nilijua mtauliza. Yupo Ideonella sakaiensis, alitangazwa 2016 kutoka Japani, anakula PET, plastiki ya chupa, polepole sana, ila mifuko ni polietilini, plastiki nyingine, na hiyo haigusi. Haya, maiki mpelekeeni yule dada wa nyuma.