Kabla ya Kugusa Fildi: Mhadhara kwa Mawakili na Wahazili wa Tabora

Mwenyekiti, mawakili wasomi, wahazili na makarani mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, na vijana wetu mnaosoma sheria hapa Tabora, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie programu za kuandaa nyaraka za kisheria, zile ambazo unajibu maswali kwenye skrini kisha mkataba unatoka umekamilika. Namna zinavyookoa muda sitaigusa, wauzaji wake wanaieleza vizuri kuliko mimi. Nataka tukae kwenye jambo moja linalofanyika ofisini kwetu kila mara bila mtu kuuliza chochote, nalo ni kuhariri fildi.

Fildi ni ile nafasi ya kujaza: jina la muuzaji, bei, namba ya kiwanja. Programu inakuja na fildi zake, na ofisi inaongeza za kwake kulingana na wateja wake. Sisi hapa tunaongeza namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, jina la kitongoji, AMCOS, yaani chama cha ushirika ambacho mkulima wa tumbaku ni mwanachama wake. Hizi za kuongeza ndizo zinazobadilishwa ovyo. Kwa kuwa zinabadilishwa kwenye ukurasa wa mipangilio, tunamwachia kijana anayejua kompyuta. Mimi nasema kuhariri fildi ni kazi ya kisheria, na wakili anawajibika nayo kama anavyowajibika na ibara aliyoiandika kwa mkono wake. Kinachobadilika pale ni maneno ya mikataba yote itakayotoka kesho, na wakati mwingine hata ya ile iliyotoka mwaka jana.

Ukifungua fildi ili uihariri, utakuta mambo kadhaa ndani yake, na hayana uzito sawa. Kuna lebo, yaani maneno anayoyaona mhazili kwenye skrini, na hiyo unaweza kuibadilisha utakavyo. Kama "Jina" linawachanganya watu, andika "Majina matatu ya mnunuzi kama yalivyo kwenye kitambulisho", wala hakuna kitakachoharibika. Kisha kuna jina la ndani, ambalo programu yenyewe hulitumia kuunganisha jibu na kiolezo, yaani ule mkataba wa mfano wenye nafasi za kujazwa. Hapo ndipo pa kuogopa.

Chukueni HotDocs, moja ya programu kongwe za kazi hii, yenye asili yake katika Chuo Kikuu cha Brigham Young kule Marekani. Majibu ya mteja hukaa kwenye faili lake peke yake, na kila jibu limebandikwa jina la fildi. Au chukueni docassemble, programu ya bure iliyoanzishwa na Jonathan Pyle, wakili wa Philadelphia. Humo unaandika jina la fildi ndani ya kiolezo chenyewe cha Word, kati ya mabano mawili mawili. Sasa mtu akibadilisha jina la ndani kutoka "mnunuzi" kuwa "mnunuzi_wa_kwanza", majibu ya zamani yanabaki yamebandikwa jina ambalo halipo tena, na violezo vinaendelea kuliita jina la zamani. Programu yenye msimamo itagoma na kukuonyesha kosa, na hiyo ni salama yako. Nyingine itatoa mkataba mzuri kabisa wenye pengo pale palipotakiwa kuwa na mtu. Ukibahatika, utaliona kabla mteja hajaweka saini.

Kwa hiyo, jina la ndani likishatumika katika jalada hata moja, usiliguse. Likikukera kwa ubaya wake, vumilia.

Linalofuata ni aina ya fildi, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndipo wateja wetu wanapoumia bila kujua. Fildi inaweza kuwa ya maandishi, namba, tarehe, ndiyo au hapana, au orodha ya kuchagua. Mtu akiona "Namba ya NIDA" anachagua aina ya namba. Inaonekana sahihi, na si sahihi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ofisi nyingi huweka orodha ya wateja kwenye Excel kisha huivuta kwenye kiolezo, na Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba. Ukiandika 20 mfululizo bila vistari, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri. Kwenye kisanduku utaona kitu kifupi chenye herufi E katikati. Mhazili akikipanua ili kisomeke, sifuri zile zitakuwa zimeshaingia. Anayeandika kwa vistari anaokoka, maana Excel inayachukua kama maandishi. Ndiyo maana katika ofisi hiyohiyo, kwa siku hiyohiyo, namba za wateja wa mhazili mmoja ni nzima na za mwenzake zimekatwa.

Mkishalitambua hilo, msidhani kwamba kubadilisha aina kuwa maandishi kutazirudisha. Tarakimu zilizopotea zimepotea, na itabidi kitambulisho cha mteja kitafutwe upya. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri yake ya mwanzo kwa njia hiyo. Kigezo ninachowapa wanafunzi ni hiki: kama hakuna siku mtu atakapoijumlisha au kuitoa, iweke kama maandishi. Bei ni namba. Namba ya kiwanja, kitalu, TIN (ile ya mlipakodi) na leseni ni maandishi.

Tukiwa kwenye bei, kiasi kwa maneno kisiwe fildi ya kujaza kwa mkono. Kitokane na tarakimu, programu ikokotoe yenyewe. Nimeona mkataba unaosema Sh 1,500,000 na kwenye mabano shilingi milioni moja na laki mbili, kwa sababu bei ilishushwa na fildi moja tu ndiyo iliyorekebishwa. Ila hakikisheni kwanza kwamba programu yenu inajua kuhesabu kwa Kiswahili. Nyingi hazijui, na mtu wa kuiandikia hesabu hiyo ni wa kulipwa vizuri.

Tarehe. Kuna fildi inayopendwa sana iitwayo tarehe ya leo. Katika Word, fildi hiyo hujisasisha, hivyo ukifungua waraka mwezi ujao unaweza kukuta tarehe ya mwezi ujao. Kwenye barua ni aibu ndogo. Kwenye hati ya kiapo ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Wathibitishaji wa Umma na Makamishna wa Viapo, Sura 12, kinamtaka kamishna aandike jina lake na aeleze kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Hati imeandaliwa hapa mjini Ijumaa, mteja anaapa Nzega Jumatatu mbele ya kamishna wa kule, lakini karatasi inasema Tabora, Ijumaa. Upande wa pili wakiwa macho, wataweka pingamizi la awali kabla hamjafika kwenye kiini cha shauri. Msimamo wangu hapa ni mkali: mahali na tarehe ya kiapo pasiwe na fildi. Acheni mstari, kamishna aujaze kwa kalamu wakati mwapaji amesimama mbele yake.

Dada mmoja pale nyuma anauliza: wakili akiniambia nibadilishe haraka, mteja anasubiri, nifanyeje? Swali zuri, na nadhani wengi wenu mlikuwa nalo. Toa waraka kama ulivyo, uhifadhi kama Word, rekebisha ndani ya waraka huo wa mteja huyo. Kiolezo usikiguse. Mteja mmoja anayesubiri si sababu ya kubadilisha mikataba ya wateja wote. Baada ya hapo mwandikie wakili kwamba kiolezo kina upungufu, na umwambie ni upi. Na nyinyi mawakili wasomi, mhazili akiwaletea karatasi hiyo, isomeni.

Nije kwenye mfano ambao nimeuwekea muda zaidi, kwa sababu unahusu nyumba za watu. Violezo vingi vilivyonunuliwa nje vina fildi moja: jina la mwenza. Mtu wa Isevya anaweka nyumba yake rehani benki. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu ambapo fomu imesainiwa na mweka rehani pamoja na mwenza au wenza wake wanaoishi katika nyumba hiyo, au kuna ushahidi ndani ya waraka kwamba wameridhia. Mwenza au wenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi, na sisi tunaishi na familia hizo. Sasa mhazili ana mteja mwenye mke wa kwanza na wa pili, na skrini ina nafasi ya jina moja. Atafanya nini? Ataandika la yule aliyekuja na mume ofisini. Mwingine ataisikia rehani siku dalali wa mnada atakapobisha hodi, na benki itakuwa mahakamani ikitetea waraka wenye tundu.

Kwa hiyo fildi hiyo ibadilishwe iwe orodha inayojirudia: mwenza wa kwanza, wa pili, kadiri watakavyokuwapo. Na kwa kila mmoja pawe na fildi nyingine inayouliza kama anaishi katika nyumba hiyo, kwa sababu ndivyo kifungu kinavyosema. Mkiibadilisha hivyo, kumbukeni kwamba majibu ya zamani hayahami yenyewe kwenda kwenye orodha mpya. Mtu lazima ayahamishe, jalada kwa jalada.

Kisha ile fildi ya ridhaa, ndiyo au hapana. Kisanduku cha kuweka tiki kinaonekana kina hali mbili, ilhali mambo ya wateja yana tatu: ndiyo, hapana, na hajaulizwa. Kisanduku kitupu hakikwambii kama mke alikataa au hakuna aliyemwuliza. Na kibaya zaidi ni ofisi iliyoamua kuharakisha kazi kwa kuweka tiki mapema, ili mhazili asibofye kila mara. Hapo waraka unatamka kwamba mwanamke ameridhia kabla hajafika mlangoni. Ondoeni tiki hizo wiki hii, tafadhali. Wekeni orodha yenye majibu matatu, isiyo na jibu la kuanzia, na programu ikatae kutoa waraka mpaka mtu achague.

Orodha za kuchagua nazo zina mtego wake. Kaliua ilimegwa kutoka Urambo ikawa wilaya. Ofisi yenye orodha ya wilaya ilipaswa kuiongeza Kaliua kwenye mstari mpya chini ya Urambo, basi. Lakini mwenye wateja wengi wa upande ule anaweza kushawishika kulihariri neno Urambo liwe Kaliua, na kuiongeza Urambo upya. Baadhi ya programu hazitunzi neno, hutunza alama ya lile chaguo. Ukihariri chaguo, majalada yote yaliyowahi kulitumia yanasoma neno jipya, pamoja na mikataba iliyosainiwa wakati wilaya hiyo haijakuwapo. Ukitoa nakala nyingine ya mkataba ule, haitafanana na ile iliyo mkononi mwa mteja.

Kuna fildi ambazo mtu anapaswa kufikiria kuziondoa. Violezo vya Kiingereza huuliza jinsia ili vijue viandike kiwakilishi kipi. Sisi tukisema "atalipa" imetosha. Mahali pengi fildi hiyo haina kazi, ila msiifute kwenye mkataba wa ajira, kwa kuwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka maelezo ya mfanyakazi yaonyeshe jina, umri, anuani ya kudumu na jinsia. Dini na kabila, ambazo nimeziona kwenye fomu za mkataba wa pango, sioni zinafanya nini pale. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi. Unachokikusanya kiwe na shughuli inayojulikana, na ukiwa nacho unawajibika kukilinda.

Lakini kuondoa si kufuta. Fildi ukiifuta, katika baadhi ya programu majibu yake yanaondoka nayo, hata ya majalada yaliyofungwa. Ifiche, isionekane kwa wateja wapya. Kama taarifa yenyewe haikupaswa kukusanywa tangu mwanzo, hapo uamuzi wa kuifuta ni wa wakili, na auandike.

Auandike wapi? Kwenye daftari. Counter book ya kawaida inatosha: tarehe, fildi gani, ilikuwaje, imekuwaje, kwa nini, nani ameomba, wakili gani ameridhia. Bila hilo, mwaka kesho hakuna atakayejua kwa nini mikataba ya Machi haifanani na ya Aprili.

Na kila mabadiliko yajaribiwe kabla ya kutumika. Tengenezeni mteja wa kubuni, na msimtengeneze mrahisi. Awe mkulima wa Uyui mwenye wake watatu, mmoja anaishi Kaliua. Ana jina lenye ng', kama Ng'wandu, ili muone kama programu inaharibu kile kiapostrofi. Anaweka dole gumba badala ya saini, na shamba lake lina hakimiliki ya kimila, halina namba ya kiwanja wala kitalu. Mtoleeni mkataba kwa kiolezo cha jana, kisha kwa kiolezo cha leo. Chapeni yote miwili, mmoja asome kwa sauti na mwingine afuatilie kwa kalamu, neno kwa neno mpaka kwenye saini. Popote palipotofautiana nje ya kile mlichokusudia, rudisheni fildi ilivyokuwa na mwiteni wakili.

Nimalizie hapo, nipokee maswali.